Mama Nanga Alipolala Chali Dukani

Jina lake kamili ni Mama Nanga, mke wa Kapteni Kimya, binti wa mshona maturubai aliyefunika mizigo ya boti kumi na nne bila tone kupenya, mjukuu wa mwanamke aliyemlazimisha mvushaji kugeuza chombo katikati ya maji kwa sababu alikuwa amemsahau kuku wake ng'ambo. Ndiye aliyeshika usukani wa boti yao, Hatuchoki, akiwa na mimba ya miezi minane. Ndiye aliyeokoa magunia ya saruji siku paa la ghala liliporuka. Na ndiye huyo huyo aliyelala chali katikati ya duka la vifaa vya umeme, saa nne asubuhi, watu wakipita wakimruka.

Nitasimulia hayo ya dukani, maana hayo mengine watu wanayajua, lakini haya wanayaharibu. Wapo wanaosema alizirai. Hakuzirai. Nilikuwepo, na mkoba wake nilikuwa nimeushika mimi.

Mimi ni wifi yake. Kapteni Kimya ni mdogo wangu wa tumbo moja, nimembeba mgongoni mpaka nikabaki na kibyongo kidogo ambacho fundi wa nguo hukiona kila akinipima. Kwa hiyo nikimsema, namsema kama mwenye mali.

Jina la Nanga wifi yangu alilipata mwaka wa kwanza wa ndoa. Boti ilichomoka gatini na abiria wake, ikaanza kurudi nyuma taratibu kama mtu anayeondoka kwenye msiba bila kuaga. Wanaume wakapiga kelele. Yeye akaidaka ncha ya kamba, akaizungusha kwenye nguzo, akaikalia. Aliikalia kimya, miguu kaikunja, mpaka wakaja wanaume wanne. Walipomwambia, "Haya, inuka sasa," akawatazama mmoja mmoja, akauliza, "Mna hakika?" Siku hiyo mdogo wangu, ambaye maneno yake kwa siku hayajai kikombe, akasema, "Huyu ni nanga." Likabaki.

Watoto walipokwisha kuoa na kuolewa, wawili hawa waliihama nyumba, wakahamia kwenye chumba cha nyuma cha boti. Chumba kidogo, lakini kina heshima yake: kitanda kilichopigiliwa ukutani, jiko la vichomeo viwili, dirisha la duara, taa moja ya betri, na chini ya mbao za sakafu, injini. Hatuchoki huvusha watu na mizigo mara nne kwa siku, ya mwisho saa kumi na moja jioni, kuwachukua akina mama wa sokoni wanaorudi upande wetu. Ukichelewa hiyo, wanawake thelathini wanalala na mabeseni yao gatini, na kesho yake utatamani usiwe na masikio.

Mwaka juzi kiharusi kikampiga mdogo wangu upande wote wa kulia. Mkono wa kulia ukawa wa kuazima, mguu nao hivyo hivyo, na ulimi, ambao hata zamani haukuwa na haraka, ukawa unatafuta maneno moja moja kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Mke akachukua usukani moja kwa moja. Injini ikawa ya fundi wao wa siku zote, tunayemwita Grisi, na ukimshika mkono utajua kwa nini. Na Kapteni akabaki kitandani, akiangalia dari.

Alikuwa na redio. Redio ikaungua. Nikaenda kumwona, nikamkuta anahesabu misumari ya dari. Nikamwambia, "Mdogo wangu, njoo kwangu. Chumba kipo chini, hakuna ngazi. Runinga ninayo ya ukutani, kubwa kama mlango. Mpira utaangalia mpaka uchukie."

Akamaliza kuhesabu mstari wa misumari, halafu akasema, "Nitakuja, dada."

Wifi yangu alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai. Alimimina chai ikajaa kikombe, ikajaa na kisahani, na bado anamimina. Miaka thelathini na miwili hawa hawajalala mbali mbali, ila siku za uzazi. Mumewe akija kwangu, yeye ama aiache boti inayowalisha, ama amwache mume. Aliyaona yote hayo ndani ya kisahani kile.

Akanisindikiza gatini. "Wifi, gari unaleta lini?"

"Jumapili, saa tatu."

"Na fainali ya kombe ni Jumamosi."

"Ndiyo."

"Sasa nisikilize. Jumamosi akiangalia mpira akiwa kitandani kwake, kwenye boti yake, mwanzo mpaka mwisho, utamwuliza tena?"

"Nitamwuliza."

"Humsemei? Hukonyezi?"

"Wifi, mimi nikonyeze kwa jicho gani, hili la mtoto wa jicho?"

Akacheka. "Na akisema bado anakuja kwako, basi nitambeba mimi mwenyewe mpaka kwenye gari."

Mimi nilitaka mdogo wangu aje kwangu, sifichi. Lakini mtu akikuomba haki, humpi nusu. Jumamosi, safari ya alfajiri ilipokwisha na za mchana zimefutwa kwa ajili ya fainali, nikavaa viatu vya kutembelea, nikamfuata wifi gatini twende tukachague runinga.

Nikamkuta Grisi anafungua betri ya boti.

"Mnaiibia boti?" nikauliza.

"Naipeleka dukani," akajibu wifi yangu. "Runinga itakula kwenye betri hii, basi ionjeshwe betri hii. Umeme wa ukutani dukani ni wa kuazima. Kila kitu kinapendeza kwa umeme wa kuazima."

Betri ile ina uzito wa mtoto wa miaka tisa aliyenuna. Tukaipakia kwenye mkokoteni, Grisi akasukuma, sisi nyuma kama wafiwa. Mkononi wifi yangu alikuwa na kamba ya kiatu yenye mafundo mawili. Fundo la kwanza mpaka la pili, ndio upana wa nafasi iliyopo kati ya dirisha na kabati, juu ya upande wa miguuni wa kitanda. Mahali pengine hapana: chini kuna jiko, pembeni kuna mlango.

Muuzaji alikuwa mwanamume wa makamo, miwani imefungwa uzi upande mmoja. Alipoona betri inaingia dukani akatoka nyuma ya meza.

"Mama, hapa hatuchaji betri."

"Sijaja kuchaji. Nimekuja kununua runinga ya boti. Ndogo, ya volti kumi na mbili, isiyotumia inveta ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani."

"Aa, mama, usijisumbue. Chukua runinga yoyote ya kawaida, nakupa na inveta juu yake. Dunia nzima inafanya hivyo."

"Dunia nzima hailali juu ya betri moja. Inveta niliwahi kuwa nayo. Inakula umeme hata ikiwa haijapewa kazi, kama shemeji mgeni. Nataka runinga inayokunywa kwenye betri yenyewe kwa mdomo wake."

Muuzaji akanitazama mimi, kama vile nitamsaidia. Nikatazama feni.

Akateremsha ya kwanza. Grisi akaunga waya, picha ikatokea, mtangazaji wa kike kavaa gauni la njano, safi kabisa. "Unaona?" muuzaji akasema. Wifi yangu akairudisha rafu ya juu ilikotoka, akarudi nyuma hatua tatu, akakunjua boksi tupu sakafuni, akalala chali.

Muuzaji akashika kichwa.

"Mama! Mama vipi? Leteni maji!"

"Maji ya nini? Mume wangu anaangalia akiwa amelala, shingo haiinuki. Mimi nitajuaje anachokiona nikiwa nimesimama?" Akakaza macho juu. "Huyu dada wa gauni la njano ameondoka?"

"Si huyo hapo!"

"Toka huku chini amekuwa kivuli. Meno tu ndiyo nayaona. Nyingine."

Ndipo nilipojua kwamba runinga nyingine ukizitazama kutoka chini huwa nyeusi, na nyingine hazibadiliki. Mimi na umri wangu huu sikuwa najua, na muuzaji naye hakuwa anajua, ingawa alijitahidi kutikisa kichwa kama anayejua.

Ikaja nyingine, kamba ya kiatu ikasema imezidi vidole vitatu. Nyingine ilikuwa na mguu mzuri wa kusimamia mezani lakini nyuma haikuwa na matundu ya kupigia skrubu. "Hii ikisimama kwetu," wifi yangu akasema akiwa bado chini, "wimbi la kwanza itakuja kulala na mimi." Watu walikuwa wamejaa mlangoni. Mwanamke mmoja aliyekuja kununua pasi akaahirisha pasi. Mchukuzi mmoja akawa anapiga kura: hiyo hapana, hiyo ndiyo, mama usikubali.

Ya nne ilinivutia mimi. Picha safi ukiwa juu, safi ukiwa chini, matundu inayo, upana sawasawa na mafundo. Nikasema, "Wifi, inuka, tumepata."

Akaomba aletewe boksi la runinga hiyo, akalisogeza mbali na macho kama tunavyofanya wote siku hizi. "Imeandikwa volti kumi na mbili."

"Si ndiyo unayoitaka?" muuzaji akasema, sauti imeanza kuchoka.

"Kumi na mbili tu, au mpaka ngapi?"

"Mama, kumi na mbili ni kumi na mbili."

"Kwenu. Kwetu injini ikilala ni kumi na mbili. Injini ikiamka inasukuma kumi na nne na kitu. Grisi, mwonyeshe."

Grisi akatoa kipima volti mfukoni, kimezungushiwa utepe wa kufungia waya, akaeleza kwa fahari. Kumbe ndivyo redio ya mdogo wangu ilivyokufa: iliandikwa kumi na mbili, ikapewa kumi na nne na nusu kila siku, mara nne kwa siku, mpaka ikatoa moshi. Na mimi nilikuwa nimewasema kwa watu kwamba walinunua redio ya bei rahisi. Nikajirekebisha kimoyomoyo.

Muuzaji alikuna kichwa, akaingia stoo, akakawia huko. Akatoka na boksi lenye vumbi. "Hii ililetwa kwa ajili ya mtu wa malori, hakurudi kuichukua. Inakubali kutoka kumi mpaka thelathini."

Ikaungwa. Ikapandishwa. Wifi yangu akaitazama kutoka chini muda mrefu, akageuza kichwa kushoto, akageuza kulia. Halafu akapapasa boksi pembeni yake. "Njoo nawe ulale hapa, uone unachouza."

Na yule mwanamume, mbele ya wateja wake, akavua miwani ya uzi, akalala. Wakawa wawili pale chini kama samaki kwenye sinia.

"Mama," akasema baada ya kitambo, "miaka kumi na moja nauza hizi. Sijawahi kuziangalia toka huku."

"Haya, sasa ukiulizwa utajibu."

Bei sitaitaja, walielewana vizuri, na skrubu nne akapewa bure; mwanamke wa pasi akapiga makofi. Saa sita na nusu tukawa tumerudi. Grisi akarudisha betri mahali pake, akapigilia runinga, akapandisha antena juu ya paa. Mdogo wangu alikuwa anatufuata kwa macho. Mkewe akamwekea rimoti kifuani, chini ya mkono wa kushoto, ule mzima.

"Bonyeza mwenyewe."

Akabonyeza. Uwanja ukatokea, kijani kibichi, nyasi ungezihesabu. Akaangalia muda mrefu. Akasema, "Haina... kivuli."

"Ingekuwaje na kivuli," nikasema, "mkeo ameilalia asubuhi nzima!"

Mpira ulianza saa nane. Chumba kile cha watu wawili kilikuwa na watu saba, wawili wakiwa miguu ndani, vichwa nje. Boti ikigeuka kidogo na maji, picha ilikatika vipande, na Grisi akakimbia juu kugeuza antena, tunampigia kelele, "Hapo! Hapo hapo! Umepitiliza!" Wakati wa mapumziko Grisi akaingia akijifuta jasho. "Niwashe injini kidogo, betri ipate chaji?"

Tukamzomea wote, na mimi nikiwemo, tena sauti yangu ndiyo ilikuwa ya juu. Injini ile ikinguruma chini ya kitanda humsikii hata anayekusonya, mtangazaji utamsikiaje? Grisi akainua mikono, akaketi.

Bao moja kwa moja. Dakika tisini zikaisha. Wakaongezewa nusu saa, ikaisha. Saa kumi na nusu ikawa penalti.

Sasa elewa jambo moja. Tumboni mwa boti kuna pampu ndogo inayojiwasha yenyewe maji yakijaa, ikatema nje, ikalala. Sisi wengine hatuisikii; ni kama saa ya ukutani. Penalti ya kwanza, wao wakafunga. Yetu, tukafunga. Watu wakawa wanashikana mashati. Penalti ya tatu, ya nne; ya tano yao ikagonga mwamba. Pampu ikaamka. Mimi sikusikia lolote. Mdogo wangu akageuza macho kutoka kwenye runinga, akatazama taa ya juu yake, akarudi kwenye runinga. Mchezaji wetu wa mwisho akauweka mpira chini. Akifunga, kombe ni letu. Akarudi nyuma, hatua moja, mbili, tatu.

Chumba kikawa cheusi.

"Umeme!" "Antena!" "Grisi, utauawa leo!"

"Ni mimi," Kapteni akasema.

Tukageuka. Rimoti ilikuwa imeinuliwa na mkono wa kushoto.

"Kapteni! Umefanya nini?" Grisi alikuwa karibu kulia. "Washa, bado tunawahi!"

"Pampu," mdogo wangu akasema. Tukamsubiri. "Pampu... imekohoa. Taa... imefifia. Betri... imechoka. Washa injini. Sasa."

Wifi yangu hakuuliza mara mbili. Alishapita juu ya miguu ya watu, yuko kwenye usukani, ufunguo umegeuka. Starta ikalalamika: ng'aa. Ikanyamaza. Ng'aa tena, nzito zaidi, kama mzee anayeinuka kwenye kiti kirefu. Ya tatu ilikuwa nusu ya sauti, na kwenye hiyo nusu injini ikashika, mbao zikaanza kutetemeka, na hakuna mlio uliowahi kunipendeza vile.

Grisi akasimama kwenye mlango na kipima volti chake, amejishika kiuno. "Dukani," akasema. "Runinga tano, asubuhi nzima, kwa betri hii. Na hatukuichaji. Na mkanizomea."

Tukatazamana, watu wazima na akili zetu. Wifi yangu aliyejua habari za volti kuliko mwenye duka, alikuwa ameimaliza betri kwa kuijaribu. Mpira ule ungeendelea, akina mama thelathini wangelala ng'ambo. Na mtu pekee aliyegundua alikuwa yule tuliyekuwa tunamwonyesha runinga ili asichoke kukaa bure.

"Na wewe," nikamwambia, "umezima penalti ya mwisho. Wewe! Uliyeukosa mpira siku ya arusi yangu ukanuna mpaka kwenye picha."

Mdomo wake ukacheka upande mmoja, ule unaocheka. "Abiria... kwanza."

Tukaondoka saa kumi na moja kamili. Injini ikiwa inanguruma, Kapteni akabonyeza tena rimoti, runinga ikawaka, volti kumi na nne na yote, bila moshi. Sauti hatukuisikia. Tulichokiona ni watu wamekwisha kubeba kombe, wanaruka, na walikuwa wa kwetu. Lile bao lenyewe hatujaliona mpaka leo. Akina mama wa sokoni walipopanda walitusimulia, kila mmoja la kwake, mguu wa kushoto, mguu wa kulia, mmoja akasema kichwa.

Tulipofunga kamba upande wetu, abiria wakashuka, nikaenda kukaa ukingoni mwa kitanda. Ahadi ni ahadi. Nikamwuliza, sikukonyeza.

"Mdogo wangu, kesho nilete gari?"

Akatazama runinga iliyozimwa. Akatazama sakafu, kule pampu ilipo. "Dada. Kwako... kuna pampu?"

"Kwangu kuna bomba na ndoo."

"Basi gari... lipumzike."

Nikavaa viatu vyangu. Chumba changu cha chini nitaweka viazi. Wifi yangu alikuwa amesimama mlangoni, mikono bado na mafuta ya usukani, na safari hii hakuwa na birika la kumwaga. Akageuka kwa Grisi, akanyoosha kiganja. Grisi akasita, maana kile kitu analala nacho, halafu akampa kipima volti.

Akapigilia msumari juu ya kichwa cha kitanda, mahali mkono wa kushoto unapofika bila kujinyoosha. Akakitundika kwa ile kamba ya kiatu yenye mafundo mawili, na waya zake Grisi akazipitisha ukutani mpaka kwenye betri.

"Haya, Kapteni," akasema. "Kuanzia leo betri ni yako. Kila asubuhi, kabla ya mtu kugusa ufunguo, unasoma, unataja kwa sauti, mimi nisikie kwenye usukani. Ikiwa chini ya kumi na mbili, runinga haiwashwi. Hata iwe fainali. Hata awe ni dada yako ndiye anayeomba."